Mwongozo Kamili wa Kuadhimisha Tisha B'Av, Siku ya Saumu na Maombolezo ya Wayahudi

Tarehe 9 ya mwezi wa Av, ambayo kwa Kiebrania huitwa Tisha B'Av, ndiyo siku ya huzuni kubwa kuliko zote katika mwaka wa Kiyahudi. Siku hiyo Wayahudi huomboleza Hekalu la Yerusalemu lililoteketezwa mara mbili: kwanza na majeshi ya Nebukadneza wa Babeli mwaka 586 KK, kisha na Warumi walioongozwa na Tito mwaka 70 BK. Mishna, yaani mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika kitabu cha Taanit, inataja misiba mingine mitatu ya tarehe hiyohiyo: hukumu kwamba kizazi kilichotoka Misri hakitaingia katika nchi ya ahadi, iliyotolewa baada ya wapelelezi kurudi na habari za kuvunja moyo, kuanguka kwa mji wa Betar katika vita vya Bar Kokhba, yaani uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi, na Yerusalemu kulimwa kama shamba. Vizazi vilivyofuata vilizidi kuutwika mwezi huo misiba yao wenyewe. Amri ya kuwafukuza Wayahudi nchini Uingereza ilitolewa Tisha B'Av ya mwaka 1290, Wayahudi wa Hispania walilazimika kuondoka katika siku hizohizo mwaka 1492, na kusafirishwa kwa Wayahudi wa Warsaw kwenda kambi ya mauaji ya Wanazi ya Treblinka kulianza mkesha wa Tisha B'Av mwaka 1942.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayetaka kuishika siku hii kwa mara ya kwanza, au aliyekuwa akifunga tu bila kujua mambo mengine yanayoambatana na saumu hiyo. Tangu mwanzo ni vizuri ieleweke kwamba njaa si kiini cha siku hii. Karibu kila sheria yake imechukuliwa kutoka katika nyumba ya msiba: kukaa chini, kuvua viatu vya ngozi, kutooga, kutosalimiana, kutojifariji kwa masomo yanayofurahisha moyo. Anayefunga kula na kunywa huku akiendelea na shughuli zake, akicheka na kutazama video, amebeba sehemu ngumu ya siku hiyo na kuiacha sehemu yenye maana. Desturi nazo hutofautiana kati ya Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki), Wasefardi (wenye asili ya Hispania na Ureno) na Wayemeni, hivyo pale ambapo maelezo haya yanapishana na desturi ya jamii yako, fuata ya jamii yako na umwulize rabi wako.

Kujua tarehe na saa

Kwa kuwa kalenda ya Kiyahudi hufuata mwezi mwandamo na kusawazishwa na jua, Tisha B'Av huangukia Julai au Agosti. Mwaka 2026 saumu inaanza Jumatano tarehe 22 Julai jua linapotua na kwisha Alhamisi tarehe 23 usiku. Mwaka 2027 inaanza jioni ya tarehe 11 Agosti na kwisha usiku wa tarehe 12. Mwaka 2028 inaanza jioni ya tarehe 31 Julai. Njia rahisi ya kujihakikishia ni kukumbuka kwamba Tisha B'Av huwa siku ileile ya juma iliyokuwa siku ya kwanza ya Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka huo. Iwapo tarehe 9 itaangukia Sabato, saumu husogezwa hadi Jumapili, kwa sababu Sabato haifungwi kwa ajili ya huzuni.

Saumu huanza jua linapotua na kumalizika nyota zinapoonekana jioni inayofuata. Msomaji aliyelelewa katika mazingira ya Ramadhani ataona tofauti mara moja: hapa hakuna daku, na usiku nao umo ndani ya saumu. Aliyeko Nairobi au Mbale nchini Uganda, karibu na ikweta ambako giza huingia haraka, atafunga kwa takriban saa 24 na nusu. Aliyeko London, ambako machweo ya Julai huchukua muda mrefu, atafunga kwa saa 25 au zaidi kidogo. Tafuta jedwali la nyakati la mji wako mwenyewe, wala usitumie la Yerusalemu.

Kuna saa moja zaidi unayopaswa kuiandika pembeni, nayo ni adhuhuri ya kisheria iitwayo chatzot, yaani katikati ya mawio na machweo. Saa hiyo ndiyo inayogawanya mchana wa Tisha B'Av katika sehemu mbili zenye sheria tofauti. Si saa sita kamili ya saa za ukutani: jijini Nairobi mwezi Julai hufika kama saa sita na dakika arobaini mchana.

Wiki tatu na siku tisa zinazotangulia

Maombolezo hayaanzi ghafla. Huanza wiki tatu kabla, tarehe 17 ya mwezi wa Tamuzi, kwa saumu fupi ya kuanzia alfajiri hadi usiku inayokumbuka kuta za Yerusalemu zilipovunjwa. Mwaka 2026 saumu hiyo ni tarehe 2 Julai. Kuanzia hapo hakufanyiki harusi, watu huacha kusikiliza muziki, na Waashkenazi hawanyoi nywele. Mwezi wa Av ukiandama, yaani tarehe 15 Julai mwaka 2026, zinaanza siku tisa ambazo ndani yake watu hawali nyama wala hawanywi divai isipokuwa siku ya Sabato, hawanunui nguo mpya, na kwa desturi ya Kiashkenazi hawafui wala hawavai nguo zilizotoka kufuliwa. Wasefardi wengi huanza makatazo ya kunyoa na kufua katika juma lenyewe la Tisha B'Av.

Usizipuuze siku hizi ukidhani kwamba zinawahusu wachamungu pekee. Mtu anayetoka kwenye sherehe ya Jumanne na kujaribu kulia Jumatano usiku hatafika mbali. Moyo unahitaji kushushwa hatua kwa hatua. Kwa upande wa matayarisho, zitumie kupunguza kahawa na chai ya rangi kidogo kidogo, kwa maana maumivu ya kichwa yanayowatesa wengi siku ya saumu husababishwa na kuikosa kahawa ghafla kuliko kukosa chakula. Pia hakikisha mapema kwamba una viatu visivyo vya ngozi, kitabu cha Maombolezo katika lugha unayoielewa, na kigoda, mkeka au mto wa kukalia chini.

Mchana wa mkesha na mlo wa mwisho

Siku ya mkesha, kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwa sababu kunywa lita mbili kwa pamoja jioni hakusaidii kitu ila kukuamsha usiku. Kula chakula kikuu mchana, kabla ya sala ya alasiri iitwayo mincha. Hapa ugali na maharage, viazi vitamu, ndizi za kupika, wali au samaki vinafaa. Vyakula vyenye chumvi nyingi, pilipili na vitu vya kukaanga viepukwe kwa kuwa huleta kiu. Usishibe mno hata ushindwe kula kitu jioni.

Baada ya sala ya alasiri, jua likikaribia kutua, unafika mlo wa mwisho, seuda mafseket, ambao ni sehemu ya maombolezo na una sheria zake. Huliwa ukiwa umekaa chini, na kila mtu hula peke yake hata kama familia nzima iko chumba kimoja, ili wanaume watatu wasikusanyike na kulazimika kualikana kwa dua ya baada ya chakula. Huruhusiwi kula vyakula viwili vilivyopikwa, kwa hiyo ugali na mboga ya kupikwa havifai hapa. Kilichozoeleka ni mkate na yai moja la kuchemsha likiwa limepoa, na kipande cha mkate huchovywa katika majivu. Wengine hula adesi, ambazo Kenya huitwa kamande. Yai na adesi ni vyakula vya wafiwa tangu zamani: ni mviringo, havina mdomo, kama mfiwa asiye na la kusema. Matunda na mboga mbichi vinaruhusiwa, na maji pia.

Kwa anayepikia jiko la mkaa au kuni, majivu hayatafutwi mbali. Chukua kiasi kidogo cha yale meupe, safi, yasiyomwagikiwa mafuta. Chovya kipande kimoja, sema kwamba huu ndio mlo wa Tisha B'Av, ukile. Kisha malizia na dua ya chakula kimyakimya. Unaweza kuendelea kunywa maji hadi jua litue, mradi hukukusudia moyoni kwamba saumu yako imeshaanza.

Mambo matano yaliyokatazwa

Jua likishatua, mambo matano yanakatazwa kwa pamoja: kula na kunywa, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. La kwanza halihitaji maelezo marefu, isipokuwa kusema kwamba linahusu hata maji na hata kusukutua mdomo.

Kuoga kunakokatazwa ni kule kwa kujiburudisha, iwe kwa maji ya moto au ya baridi. Uamkapo asubuhi, unaosha vidole tu hadi kwenye maungio yake na kiganja, na unyevu unaobaki kwenye vidole unaweza kuupitisha machoni ili kuondoa tongo. Vivyo hivyo baada ya kutoka msalani. Mkono uliochafuka unaruhusiwa kuoshwa pale ulipochafuka, na mama anayemsafisha mtoto au kumwandalia chakula hana sababu ya kuogopa maji yanayomlowesha mikono. Kujipaka ndiko kunakosahaulika sana kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu mkono wa mtu huifuata kopo ya mafuta asubuhi bila yeye kufikiri. Iweke mbali. Mwenye ngozi inayopasuka au ugonjwa wa ngozi anaruhusiwa kupaka dawa, lakini mafuta ya kung'arisha, marashi, na udi wa kufukizia nguo vyote visubiri.

Kuhusu viatu, kigezo ni ngozi, si raha wala thamani. Makubadhi ya ngozi ya pwani hayafai hata kama ni mepesi na yamechakaa, ilhali raba za kitambaa, ndala za mpira na viatu vya plastiki vinafaa. Kandambili za matairi, zile ambazo Kenya huitwa akala, ni chaguo jema kabisa, lakini ziangalie kwanza, maana baadhi ya mafundi hushonea mikanda ya ngozi. Kagua pia bitana ya ndani ya viatu vinavyoonekana kama vya kitambaa.

Zaidi ya hayo matano kuna makatazo mawili ya mfiwa. La kwanza ni kujifunza Torati, kwa sababu Zaburi ya 19 inasema kwamba maagizo ya Bwana huufurahisha moyo, na siku hii haikuwekwa kwa ajili ya furaha hiyo. Kinachoruhusiwa ni masomo yanayovunja moyo: Maombolezo, kitabu cha Ayubu, sura za huzuni za Yeremia, sura ya tatu ya Moed Katan (kitabu cha Talmud, yaani mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi) inayohusu sheria za wafiwa, na simulizi la kuangamia kwa Yerusalemu katika Talmud, kitabu cha Gittin, kurasa za 55 hadi 58.

La pili ni kusalimiana, nalo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu wa lugha yetu. Siku hii Wayahudi hawaambiani shalom, hawaulizani hali, na hawapelekeani zawadi. Wanaoingia sinagogi huingia kimya na kukaa. Lakini vipi kuhusu jirani anayekuuliza habari za asubuhi, au mtoto anayekuamkia shikamoo, au bibi wa nyumba ya pili atakayedhani umemkasirikia usipomwamkia? Sheria yenyewe imelifikiria jambo hili: mtu asiyejua akikusalimu, unamjibu, kwa sauti ya chini na kwa uzito, ili asidhalilike. Usimwache mzee bila jibu kwa jina la ibada. Kilicho bora zaidi ni kuwaarifu mapema siku ya mkesha watu unaoishi nao kwamba kesho una msiba wa dini yako na hutaweza kupiga soga. Watu wa huku wanajua nyumba ya matanga inavyokaa. Watakuelewa bila maelezo mengi.

Wasiopaswa kufunga, na tahadhari za afya

Watoto ambao hawajafikia umri wa sheria, yaani miaka 13 kwa mvulana na 12 kwa msichana, hawafungi, ingawa hupewa chakula cha kawaida pasipo peremende na vitamutamu. Mgonjwa hafungi hata kama ugonjwa wake hauhatarishi maisha, na hapa Tisha B'Av inatofautiana na Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ambayo masharti yake ni makali zaidi. Mwanamke aliyejifungua ndani ya siku saba hafungi, na hadi siku ya 30 sheria humhurumia. Wajawazito na wanaonyonyesha kwa asili wanafunga, lakini wakisikia udhaifu, kizunguzungu au maziwa kupungua wanapaswa kula, na ni busara wapate ushauri wa daktari na wa rabi kabla siku haijafika. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazohitaji maji asifanye uamuzi peke yake.

Anayekula kwa sababu ya afya hajavunja kitu. Anakula kile tu ambacho mwili unahitaji, bila anasa, na makatazo mengine yote yanaendelea kumhusu: anakaa chini, anasikiliza Maombolezo, anavaa ndala kama wengine. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakijiona wametengwa na siku hii kwa kuwa hawafungi, nao wangeweza kuishika kwa ukamilifu. Kwa upande mwingine, anayefunga akitapika mfululizo, akichanganyikiwa au akikaribia kuzirai, afungue mara moja. Na asiendeshe gari wala pikipiki akiwa na kizunguzungu.

Usiku: Maombolezo

Sinagogi usiku huo huondolewa pazia la sanduku la Torati, taa hupunguzwa hadi kubaki mwanga wa kutosha kusomea tu, na watu huketi chini au kwenye vigoda. Sala ya jioni husaliwa kwa sauti ya polepole iliyoshuka. Kisha husomwa kitabu cha Maombolezo, Eikha, kwa mahadhi yake ya kilio.

Kama uko mbali na sinagogi, na Wayahudi wengi wa Afrika Mashariki wako mbali nazo, fanya hivi nyumbani. Zima taa za umeme, washa mishumaa miwili au mitatu, tandika mkeka, kusanya waliomo, na msome sura zote tano kwa sauti, mkipokezana. Msiharakishe. Sura ya 1, 2, na 4 zina aya 22 kila moja, kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, na sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi; mshairi amelia kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Sura ya 5 nayo ina aya 22 lakini mpangilio wa herufi umetoweka. Mkifika mwisho, msiishie kwenye aya ya 22 yenye maneno makali; rudieni kwa pamoja aya ya 21, inayomwomba Bwana atugeuze kwake na kuzifanya upya siku zetu ziwe kama zile za kale. Hivyo ndivyo inavyofanywa kila mahali.

Baada ya Eikha husomwa tenzi chache za maombolezo ziitwazo kinot, kisha watu huondoka bila kuagana. Usiku huo, mwenye kulalia mito miwili hulalia mmoja. Wengine hulala sakafuni, na wengine huweka jiwe chini ya mto. Simu nayo ni bora iwekwe chumba kingine, kwa maana hakuna kinachoondoa moyo msibani upesi kuliko hiyo.

Asubuhi hadi adhuhuri

Katika sala ya asubuhi shali ya sala na tefilini, yaani visanduku vya ngozi vyenye maandiko vinavyofungwa mkononi na kichwani, havivaliwi, kwa desturi ya wengi, kwa kuwa ni pambo na fahari. Torati husomwa Kumbukumbu la Torati 4:25-40, kisha Yeremia kuanzia 8:13 hadi 9:23 kwa hesabu ya Kiebrania. Katika Biblia za Kiswahili aya hiyo ya mwisho ni 9:24. Baadaye huja kinot za asubuhi, ambazo ni nyingi na ndefu, baadhi zikiwa za Elazari Kalir, mshairi wa zama za kale, nyingine zikilia misiba ya karne za baadaye kama vile mauaji ya Wayahudi wa bonde la mto Rhine wakati wa Vita vya Msalaba mwaka 1096. Usijilazimishe kuzimaliza zote. Tenzi tano zilizosomwa kwa kuelewa zina faida kuliko arobaini zilizopitiwa na jicho lenye usingizi.

Baada ya sala, hadi adhuhuri, hukai kwenye kiti cha kawaida, na kwa desturi hufanyi kazi inayoshughulisha akili. Anayeweza kuomba ruhusa ya nusu siku kazini na aiombe ya asubuhi. Asiyeweza, au ambaye hasara ya kutofanya kazi ni kubwa, anaruhusiwa kufanya, na katika mapumziko ajitenge dakika chache na kusoma sura moja.

Kipande ninachokipendekeza kwa saa hizi za asubuhi ni kile cha Gittin kinachosimulia chanzo cha maangamizi. Mtu mmoja wa Yerusalemu alikuwa na rafiki aliyeitwa Kamtza na adui aliyeitwa Bar Kamtza. Alifanya karamu, akamtuma mtumishi wake amwalike Kamtza, naye akamleta Bar Kamtza. Mwenye nyumba alipomwona adui yake ameketi mezani, alimwamuru atoke. Bar Kamtza akamsihi: kwa kuwa nimeshafika, niache, nitakulipa gharama ya nitakachokula na kunywa. Akakataa. Nitakulipa nusu ya karamu. Akakataa. Nitakulipa karamu yote. Akakataa, akamshika mkono, akamwinua na kumtoa nje mbele ya watu. Marabi walikuwa wamekaa palepale, na hakuna aliyefungua kinywa. Bar Kamtza akasema moyoni kwamba kama wanazuoni waliona na kunyamaza, basi wameridhika. Akaenda kwa watawala wa Kirumi na kuwashitaki Wayahudi kwamba wameasi. Kwingineko, katika kitabu cha Yoma, Talmud inauliza kwa nini Hekalu la pili liliangamia ilhali watu wa wakati huo walijifunza Torati na kutenda mema, na inajibu kwamba walichukiana bila sababu.

Soma kisa hicho ukiwa umekaa chini, kisha utafute katika maisha yako mtu uliyemfanyia hivyo, au uliyemwona akifanyiwa ukanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya asubuhi ya Tisha B'Av, na kwa maoni yangu ni nzito kuliko saa zote 25 za njaa. Siku hii huruhusiwi kwenda kumsalimu, lakini unaweza kuamua kwamba Ijumaa utampigia simu.

Baada ya adhuhuri

Adhuhuri ikipita, uzito unapungua kidogo. Unaruhusiwa kukaa kitini, na katika jamii nyingi watu huanza kufagia na kupanga nyumba, kwa sababu Talmud ya Yerusalemu inasimulia kwamba Masihi alizaliwa siku Hekalu lilipobomolewa. Ajabu ya jambo hili ni kwamba moto wenyewe uliwashwa alasiri, saa hizohizo tunapoinuka kutoka sakafuni. Faraja imewekwa ndani ya saa ya msiba. Saumu na makatazo mengine manne yanabaki palepale.

Katika sala ya alasiri shali na tefilini huvaliwa. Husomwa Kutoka 32:11-14 na 34:1-10, pamoja na Isaya 55:6 hadi 56:8. Ndani ya Amida, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, katika baraka ya kujengwa kwa Yerusalemu, huongezwa dua ya Nachem inayomwomba Mungu awafariji wenye kuuombolezea Sayuni. Maneno ya dua hiyo huuita Yerusalemu mji ulioharibiwa, uliodharauliwa na kuachwa ukiwa, na baada ya vita vya mwaka 1967 lilizuka swali iwapo bado ni halali kusema hivyo. Rabi Shlomo Goren aliandika matini mapya, Rabi Haim David HaLevi akapendekeza kusemwa kwamba mji ulikuwa hivyo zamani, ilhali Rabi Ovadia Yosef alishikilia maneno ya kale kwa kuwa Hekalu halijajengwa. Tumia matini ya kitabu chako cha sala.

Saa mbili za mwisho ndizo zinazomchosha mtu zaidi. Jipumzishe kivulini, usitembee juani, na usiyatumie masaa hayo kupika vyakula vya harufu nzuri kwa ajili ya jioni. Chemsha kitu chepesi tu.

Kufungua, na siku ya kumi

Nyota zikitokea, sali sala ya jioni, kisha nawa mikono yako kikamilifu kwa kuwa asubuhi ulinawa vidole tu. Anza na maji na tende au kipande cha tunda, halafu uji mwepesi, na baada ya nusu saa chakula cha kawaida kisicho na nyama. Ukishakula na kuvaa viatu vyako, na mwezi ukiwa unaonekana, ni desturi kutoka nje na kusema baraka ya mwezi mchanga, iliyokuwa imeahirishwa katika siku tisa.

Nyama, divai, muziki, kunyoa na kufua bado vinasubiri adhuhuri ya tarehe 10. Sababu yake iko katika Taanit: Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Wababeli waliingia tarehe 7, Yeremia anasema tarehe 10, na wanazuoni wakalipatanisha kwa kueleza kwamba maadui waliingia Hekaluni tarehe 7, wakalinajisi, wakawasha moto jioni ya tarehe 9, nalo likaungua mchana kutwa tarehe 10. Saumu ikiwa Alhamisi, kama itakavyokuwa mwaka 2026 na 2027, unaruhusiwa kuoga, kunyoa na kufua Ijumaa asubuhi kwa heshima ya Sabato, bila kusubiri adhuhuri.

Mwaka ambao saumu imesogezwa hadi Jumapili, kama itakavyokuwa tarehe 22 Julai 2029, mpangilio hubadilika. Jumamosi unakula chakula chako chote cha Sabato, pamoja na nyama na divai, na hakuna mlo wa majivu. Unaacha kula kabla ya jua kutua. Viatu vya ngozi unavivua usiku ukishaingia, baada ya kutamka maneno ya kutenga Sabato na siku za kawaida. Kabla ya kusoma Eikha unasema baraka ya moto juu ya mshumaa, na havdala ya kikombe, yaani dua ya kuiaga Sabato inayosemwa juu ya kinywaji, unaifanya Jumapili usiku, bila moto wala viungo vya kunukia, kabla ya kutia chochote kinywani. Mgonjwa anayelazimika kula Jumapili mchana lazima afanye havdala yake kwanza, na kwa kuwa divai haifai siku hiyo, amwulize rabi wake mapema atumie kinywaji gani badala yake.